Kutoka Kisutu Hadi Kwala

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mnamo Novemba 1965, walioumia mapema ni Wazambia, kwa kuwa shaba yao ilizoea kushuka kusini kwa reli iliyopita humo. Mzigo ukageuzwa kuelekea Dar es Salaam, kwa barabara ya vumbi ya Tunduma, Mbeya na Iringa. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, yakashuka na shaba. Masika yalizama kwenye tope, kiangazi dereva haoni lililo mbele yake. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA, mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa, na barabara yenyewe ikatiwa lami. Lori halikutoweka.

Tabu ya Dar es Salaam ni kwamba bandari imekaa tumboni mwa mji. Kontena la Lusaka, Lubumbashi au Kigali sharti lipenye makazi ya watu kabla halijaiona Barabara ya Morogoro. Dawa iliyobuniwa ni barabara ambayo wazee bado wanaiita Port Access, leo Barabara ya Mandela. Inatoka Kurasini, inapita Tazara, Buguruni na Tabata, inaibukia Ubungo, ili semi zisikanyage Posta wala Kariakoo. Mpango haukuwa mbaya hata kidogo, ila mji haukukubali kubaki ulipoachwa. Nyumba zikaifuata barabara pande zote mbili, na semi zikajikuta foleni moja na daladala, bodaboda na wauza maji baridi.

Mabasi ya mikoani yalipitia mkondo huohuo. Stendi ilikuwa Kisutu, katikati ya mji. Ikahamishiwa Ubungo, ambako wakati huo palionekana mbali. Tarehe 24 Februari 2021, Rais John Magufuli alifungua kwa siku moja stendi mpya ya Mbezi Luis na barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla. Abiria wa Kigamboni akaanza kulipa nauli ya kufika stendi kabla ya nauli ya safari.

Kuhamisha stendi kuna mwenye amri. Lori lina mabishano zaidi, kwa sababu mwenye lori ana uwezo wa kulisimamisha. Oktoba 2013, Magufuli huyohuyo, wakati huo Waziri wa Ujenzi, alifuta msamaha wa asilimia 5 kwa uzito unaozidi. Wenye malori wakagoma, na haukupita muda Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha. Ubishi huo ulikuja kupata jibu la pamoja katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, yenye ukomo wa tani 56, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019.

Lakini mizani hupima uzito tu. Haimwambii dereva anayesubiri zamu ya kupakia alaze wapi gari. Hapo ndipo mji unapochokozana na malori: semi inaegeshwa pembeni ya barabara, utingo anatoa jiko la mkaa, sufuria ya ugali inabandikwa chini ya tela, na wenye nyumba wanaanza kulalamika. Semi ikiharibika, matawi ya miti yanapangwa nyuma yake hadi fundi afike, hata kesho.

Sasa jibu linatafutwa Kwala, mkoani Pwani, kilomita zipatazo 90 kutoka bandarini. Bandari kavu ya huko ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, siku ileile reli ya kisasa, SGR, ilipozinduliwa kwa upande wa mizigo. Treni ibebe kontena hadi Kwala, lori la Kongo au Zambia lichukulie hapohapo na kugeuza bila kuingia mjini. Hesabu inaeleweka, na safari hii kuna reli, kitu ambacho Port Access haikuwa nacho. Ila kwenye njia ya kwenda huko, mizani iliyokuwa Kibaha imeshasogezwa hadi Vigwaza, na anayepita Mlandizi leo anakuta nyumba na maduka kando ya lami, kama zilivyoanza Tabata.