Usanifu wa blogu

Usanifu wa blogu ni kazi ya kupanga sura na muundo wa blogu, yaani tovuti ambamo mtu au kikundi huweka maandishi yenye tarehe, yale mapya yakitangulia. Kazi hiyo hujumuisha kuchagua jukwaa la kuchapishia, anwani, kiolezo, herufi, rangi na picha, pamoja na njia ya kuhifadhi yaliyoandikwa. Vifaa vingi vinavyohitajika hupatikana bila malipo.

Katika Tanzania wasomaji wengi hufungua kurasa kwa simu na hulipia bando. Kwa sababu hiyo vipimo vya usanifu mzuri si vilevile vinavyotajwa katika miongozo ya Ulaya na Marekani. Ukurasa mwepesi unaosomeka kwenye kioo kidogo hufika mbali kuliko ukurasa wa kupendeza. Makala hii inachukua mifano mingi kutoka Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya, kwa kuwa mji mdogo wenye mvua nyingi na milima pande zote unaonyesha vizuri ni nini kinachofanya kazi na nini kisichofanya.

Historia fupi

Jukwaa la Blogger lilianzishwa Marekani mwaka 1999 na kampuni ya Pyra Labs, likanunuliwa na Google mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2003 ilitolewa programu ya WordPress. Majukwaa hayo mawili yaliondoa haja ya kujua lugha za kompyuta kabla ya kuchapisha.

Kwa Kiswahili, mwanzilishi anayetajwa zaidi ni Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyeanza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani. Wakati ule waandishi walijadiliana hata juu ya jina la kitu chenyewe: wengine walisema "gazeti tando", lakini neno "blogu" ndilo lililoshinda. Mnamo Septemba 2005, huko Helsinki, mpigapicha wa magazeti Issa Michuzi alifungua blogu yake kwa kusaidiwa na Macha. Blogu hiyo ya picha na habari fupi ikawa mojawapo ya zilizosomwa sana na Watanzania wa nyumbani na wa nje. Sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kiolezo cha bure, safu moja ya picha, maelezo mafupi chini yake. Watu hawakuifuata kwa ajili ya urembo.

Wakati huo intaneti ya Tanzania ilitegemea satelaiti. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, na baada yake kasi ikaongezeka na bei ikaanza kushuka. Blogu nyingi za miaka ile ya mwanzo hazifunguki tena, au zinafunguka bila picha, jambo linalorudiwa chini katika sehemu ya nakala.

Jukwaa

Anayeanza ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni Blogger: mtu mwenye akaunti ya Google hupata blogu bila malipo, yenye anwani inayoishia na blogspot.com, na mazingira yake ya kazi yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Haina mapambo mengi, lakini haihitaji matengenezo. Kwa mwalimu au mwanafunzi asiye na mtu wa kumsaidia, inatosha.

Ya pili ni WordPress, ambayo ina sura mbili zinazochanganywa mara nyingi. WordPress.com ni huduma inayotunza blogu kwa niaba ya mwandishi. Kuna ngazi ya bure na za kulipia. WordPress.org hutoa programu yenyewe bure, lakini mwandishi hulipia nafasi kwenye seva na anabeba mzigo wa kuisasisha. Programu-jalizi zake ni maelfu, na hapo ndipo wengi hukosea: kila programu-jalizi huongeza uzito wa ukurasa, na ile iliyoachwa bila kusasishwa ni mlango wa wahalifu. Blogu ya shule haihitaji zaidi ya tatu au nne.

Anwani

Anwani ya bure inatosha kwa majaribio. Anayekusudia kuandika kwa miaka mingi afikirie jina lake mwenyewe la kikoa, maana akihama kutoka jukwaa moja kwenda jingine, anwani huhama naye na wasomaji hawampotezi. Majina ya Tanzania huishia na .tz: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa mashirika, .sc.tz kwa shule, .ac.tz kwa vyuo na .me.tz kwa watu binafsi. Husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na hulipiwa upya kila mwaka. Ada ikisahauliwa, jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Katika shule ni vizuri jina liandikishwe kwa shule, si kwa mwalimu mmoja ambaye kesho atapata uhamisho.

Jina liwe fupi na liweze kutamkwa kwenye simu bila kurudiwa. Alama ya ritifaa haikubaliki katika jina la kikoa, kwa hiyo neno kama "ng'ombe" huandikwa "ngombe" katika anwani. Ndani ya makala yenyewe ritifaa ibaki.

Kiolezo na kioo cha simu

Kiolezo ni mpangilio uliotengenezwa tayari: mahali pa kichwa, safu ya maandishi, menyu na viungo. Sifa ya kwanza ya kuangalia ni kama kinajibadilisha kulingana na upana wa kioo. Jaribio ni rahisi: fungua mfano wa kiolezo kwa simu ya bei nafuu, si kwa kompyuta mpakato. Kama unalazimika kuvuta maandishi kwa vidole viwili ili uyasome, kiache.

Safu moja inatosha. Safu ya pembeni yenye kalenda, saa, hali ya hewa na kihesabu cha wageni ilikuwa mtindo wa miaka ya 2000, na kwenye simu husukumwa chini kabisa ambako hakuna anayefika. Picha zinazopokezana zenyewe juu ya ukurasa nazo hula bando kabla msomaji hajaona neno hata moja.

Rangi ni jambo la kusomeka kabla ya kuwa jambo la kupendeza. Mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha usomaji wa tovuti, WCAG, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hayafikii kiwango hicho, wala njano juu ya nyeupe. Anayesoma simu barazani mchana wa jua ataelewa mara moja kwa nini kipimo hicho kimewekwa.

Uzito wa ukurasa unaweza kupimwa bure kwa chombo cha Google kiitwacho PageSpeed Insights, ambacho hutaja kitu gani kinachelewesha. Kwa kawaida jibu ni moja: picha.

Picha

Picha iliyopigwa na simu ya kisasa huwa na megabaiti 3 hadi 5. Tuchukue mwanafunzi aliyepanda hadi Ziwa Ngosi, lililo katika kasoko ya volkeno kaskazini mwa Tukuyu, akarudi na picha 10 nzuri za megabaiti 4 kila moja. Akizipakia kama zilivyo, yeyote atakayefungua ukurasa huo anaweza kutumia megabaiti 40. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kubanwa, kila moja inaweza kushuka chini ya kilobaiti 200, na zote kumi hazifiki megabaiti 2. Kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti.

Kazi hiyo hufanywa kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha inayowekwa kwenye kompyuta, au kwa Squoosh, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Anayetaka bango la juu ya ukurasa au nembo anaweza kutumia Canva, ambayo ina ngazi ya bure. Michoro ya mistari ihifadhiwe kama SVG au PNG. Picha za kamera kama JPEG au WebP.

Asiye na picha zake asichukue tu zile zinazojitokeza katika utafutaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda vitabu. Hazina halali ipo: Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, ina mamilioni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa. Nyingi zina leseni za Creative Commons, ambazo hudai jina la mpigapicha na aina ya leseni vitajwe. Kumtaja mpigapicha hakugharimu kitu, na bado ni sharti linalosahauliwa kuliko yote.

Kila picha ipewe maelezo mbadala, sentensi fupi inayosomwa na programu za wasioona na inayoonekana picha isipofunguka. "Picha ya 1" si maelezo. "Daraja la Mungu, mwamba wa asili unaovuka Mto Kiwira" ni maelezo.

Herufi na lugha

Kiswahili kina bahati: huandikwa kwa herufi zilizomo katika kila fonti. Lugha jirani si zote zilizo hivyo. Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wengi wa Rungwe, kina irabu saba, na baadhi ya maandishi yake hutumia ɨ na ʉ, herufi zenye kistari. Fonti isiyokuwa nazo huonyesha visanduku vitupu. Fonti za bure za Noto zinazo. Nyingine ni Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, ambayo jina lake limetoka katika kitenzi cha Kiswahili. Herufi zake zimechorwa ili zisichanganywe, kwa mfano I kubwa na l ndogo, kwa hiyo inafaa blogu ya shule ya msingi.

Kosa la kawaida ni blogu ya Kiswahili yenye vitufe vya Kiingereza, kwa sababu kiolezo hakikutafsiriwa. Karibu kila jukwaa huruhusu kubadilisha maneno hayo: "Soma zaidi", "Makala zilizotangulia", "Tafuta", "Maoni". Lugha ya ukurasa itambulishwe pia kwa msimbo "sw" katika mipangilio, ili programu zinazosoma kwa sauti zijue ni lugha gani. Msamiati wa kompyuta kwa Kiswahili ulifanyiwa kazi mapema, hasa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004.

Lebo za makala zichaguliwe kwa kufuata maneno ambayo watu hutumia kutafuta. Ziwa Ngosi huandikwa pia Ngozi. Makala yenye tahajia zote mbili hupatikana na wote wawili. Vivyo hivyo kipunji, nyani wa misitu ya Mlima Rungwe aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa mwaka 2005: msomaji wa sekondari atatafuta "kipunji", mtafiti atatafuta Rungwecebus. Yafaa majina yote mawili yawemo.

Leseni na sheria

Nchini Tanzania blogu si suala la ufundi peke yake. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ada ilikuwa shilingi 100,000 ya maombi, shilingi 1,000,000 ya leseni ya mwanzo na shilingi 1,000,000 ya kila mwaka. Mei 2018 Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, ilizisimamisha kwa muda baada ya watetezi wa haki na wanahabari kufungua shauri, lakini zuio hilo liliondolewa mwezi huohuo. Juni 2018 hata JamiiForums ilifunga huduma zake kwa siku kadhaa. Waandishi wengi wadogo waliacha kabisa, maana ada ile ilizidi kwa mbali gharama nyingine zote za blogu zikijumlishwa.

Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayekusudia kuandika habari au kupata mapato asome kanuni zinazotumika sasa kwa TCRA kabla ya kuchagua hata rangi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inahusu taarifa za uongo na matumizi mabaya ya kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa majina na picha za watu. Shule inayotaka kuweka picha za wanafunzi iombe kwanza ridhaa ya wazazi.

Nakala

Blogu iliyo kwenye jukwaa la bure ipo kwa ridhaa ya mwenye jukwaa. Akaunti inaweza kufungwa, nywila kusahaulika, mwandishi kufariki bila mtu kujua namna ya kuingia. Ndiyo sababu simulizi nyingi za vijiji, ratiba za ligi za wilaya na picha za mahafali za miaka ya 2000 hazipatikani tena.

Blogger na WordPress zote zina kitufe cha kutoa nakala ya maandishi yote katika faili moja la XML. Faili hilo mara nyingi ni dogo na hutosha kwenye kadi ya simu, na linaweza kupakiwa katika blogu nyingine. Picha hazimo ndani yake, hivyo zihifadhiwe pembeni katika folda zenye majina ya tarehe. Kufanya hivyo mara moja kwa muhula kunatosha kwa blogu ya shule. Iliyo hai zaidi ifanye kila mwezi. Nakala moja iwe nje ya kompyuta inayotumika, kwa kuwa mahali penye radi kama Tukuyu kompyuta iliyounganishwa na umeme yaweza kuungua pamoja na vyote vilivyomo.

Mbali na hayo, Internet Archive ya Marekani ina huduma ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambayo huhifadhi sura za kurasa kama zilivyokuwa siku fulani. Mtu yeyote anaweza kuingiza anwani na kuagiza ukurasa uhifadhiwe, bila malipo. Baadhi ya kurasa za blogu za Kiswahili za miaka ya mwanzo, zisizofunguka tena kwenye anwani zake, husomeka huko tu.