Picha za Garimoshi na Watu Waliolitia Moto

Tangu ujenzi wa Reli ya Uganda uanze Mombasa mwaka 1896, garimoshi halikukosa mtu wa kulipiga picha. William D. Young aliifuata kazi hiyo na kamera yake wakati njia ikitandazwa kuelekea ziwani, na albamu zake zingali zikitumiwa na wanahistoria. Miaka 60 baadaye, wapenzi wa reli walisimama kando ya njia ileile wakizisubiri injini za daraja la 59. Picha, basi, tunazo tele. Ninachodai ni kwamba zimetunza chuma vizuri kuliko zilivyotunza kazi, na kwamba magarimoshi yaliyohifadhiwa bado yanatupa nafasi ya kuliziba pengo hilo.

Injini hizo za daraja la 59 zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Boila ilikaa katikati, na mbele na nyuma yake kulikuwa na seti ya magurudumu inayogeuka peke yake, ili dubwana hilo la zaidi ya mita 30 lipite kwenye kona za mpando wa kutoka pwani hadi Nairobi. Ndiyo maana wapiga picha walizipenda kona: hapo ndipo injini ilipojikunja na ufundi wake ukaonekana. Picha zao zinatuonyesha rangi ya damu ya mzee, namba, na kibao chenye jina la mlima, mingine ikiwa Tanzania, kama Gelai na Shengena, kwa kuwa reli ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima. Lakini injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa. Mchochea moto hakushika sepetu. Alirekebisha valvu huku akiutazama moshi ili ajue kama mafuta yanaungua sawasawa. Kazi hiyo ya jicho na mkono haimfikii aliyesimama na kamera mbali na reli.

Wapo watakaosema kwamba garimoshi la kuhifadhiwa haliwezi kutufunza hayo, kwa sababu ni maigizo. Mount Gelai, ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971, iliwashwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya safari za matembezi, na katika safari za namna hiyo kote duniani ni kawaida treni kurudi nyuma na kupita tena ili watu wapate picha yenye moshi mzuri. Ni kweli, moshi huo umeagizwa. Mvuke haukuagizwa. Boila huchukua saa nyingi kupata joto, na maji yakishuka kupita kiasi inaweza kulipuka, abiria awe mtalii au mfanyabiashara wa 1960. Anayeitunza anafanya kazi ileile ya zamani, na hiyo inaweza kupigwa picha hatua kwa hatua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha hizi huipamba reli ya kikoloni. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa. Wanandi waliipinga njia hiyo kwa miaka mingi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Picha ya moshi juu ya nyika haisemi lolote kati ya hayo. Hata hivyo, kuacha kupiga picha hakutawarudishia wafu majina yao. Kasoro ya albamu za mwanzo ni kwamba daraja na stesheni viliandikwa majina, ilhali waliobeba mataruma mara nyingi hawakuandikwa. Kasoro hiyo tunaweza kuacha kuirudia leo: kamera iingie chumba cha dereva na karakana, na kila picha iambatane na jina la mtu, kazi yake na stesheni alikoanzia. Injini za daraja la 59 ziliondolewa kazini kufikia mwaka 1980. Mchochea moto aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amefikia umri wa miaka 70.