Lutindi: Makao ya Watoto wa Utumwani na Wajibu wa Mganga wa Leo

Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko hospitali ya Lutindi, ambayo KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki huitumia kuwatunza wagonjwa wa akili. Wachache hukumbuka kwamba ilipoanzishwa mwaka 1896 yalikuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Wagonjwa wa akili walianza kupokelewa mwaka 1904.

Historia hiyo ina funzo kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Hivyo watoto wa Lutindi walipewa hifadhi katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa bado haijaufuta utumwa. Waliowapokea hawakuingojea sheria.

Leo hali imegeuka: sheria ipo, ila mwenye kuteswa haonekani. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Hata hivyo, msichana aliyeahidiwa shule mjini, kisha akatumikishwa nyumbani bila ujira, havai mnyororo. Aliyemfungia hatampeleka polisi. Lakini akizidiwa na ugonjwa huenda akampeleka zahanati. Hapo muuguzi aweza kuwa mgeni wa kwanza kumtazama usoni.

Kwa sababu hiyo, nchini Marekani ilipitishwa mwaka 2018 sheria ya kuendeleza mafunzo ya watumishi wa afya juu ya jambo hili. Mafunzo hayo yana hatua nne: simama, tazama, uliza, itikia. Mtumishi hufundishwa kuangalia kama mgonjwa anasemewa na mwingine, kama hajui anapoishi, kama hati zake zinashikwa na mtu mwingine, na kama majeraha yake hayalingani na maelezo. Humhoji faraghani, wala hamtumii aliyemleta kuwa mkalimani. Tena haonyeshi ushujaa wa kumnyakua mgonjwa, maana pupa yaweza kumletea kisasi. Humweleza msaada uliopo, naye mtu mzima huamua. Akiwa mtoto, sheria ya kumlinda hufuatwa.

Hospitali za Kanisa letu ni nyingi, na baadhi ya wanafunzi wasomao ukurasa huu watakuwa wachungaji wa wagonjwa humo. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi nao walimwona majeruhi. Macho walikuwa nayo. Walichokosa ni kusimama. Basi yafaa wachungaji na waganga wajifunze pamoja hatua hiyo ya kwanza, ili mlango wa wodi uwe kwa aliyeuzwa leo kama mlango wa Lutindi ulivyokuwa kwa watoto wale.