Kibanda Juu ya Paa

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, ndani ya kibanda kilichojengwa juu ya paa la kiwanda cha Westinghouse huko East Pittsburgh, Marekani, Leo Rosenberg alisoma matokeo ya uchaguzi wa rais kadiri yalivyoletwa kwa simu kutoka gazeti la Pittsburgh Post. Mtambo ulikuwa wa wati 100 tu. Wenye redio, nao walikuwa wachache, walijua Warren Harding kamshinda James Cox kabla muuza magazeti hajapita mtaani.

Stesheni hiyo, KDKA, ilizaliwa na biashara. Mhandisi wa Westinghouse, Frank Conrad, alikuwa akipiga santuri kwa mtambo wake wa nyumbani, Wilkinsburg, na duka moja likaanza kutangaza redio za kumsikilizia. Mkubwa wake, Harry Davis, alipoliona tangazo hilo aling'amua kwamba redio zitanunuliwa iwapo kila jioni kuna cha kusikiliza. Haukupita mwaka, ikarushwa ibada ya kanisani, kisha mchezo wa besiboli, Harold Arlin akiutangaza kutoka uwanjani.

Masafa ya kati, yaani AM, ambayo KDKA iliyatumia, yana tabia yake. Mchana wimbi hutambaa ardhini; usiku likipaa, anga hulirudisha chini mbali sana, na redio ya mkoa ikasikika mamia ya kilomita. Aliyekulia Afrika Mashariki na redio ya betri, akizungusha kitufe polepole gizani, hahitaji kufundishwa jambo hili. KDKA ilipofikia wati 50,000, usiku wote ulikuwa wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 FM ikawachukua wapenda muziki. AM ikabaki na maneno, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. KQV, jirani ya KDKA, ilikuwa redio ya muziki wa vijana. Mwaka 1975 ikageukia habari tupu, ikitegemea huduma ya habari ya taifa ya mtandao wa NBC. NBC ilipoifunga huduma hiyo mwaka 1977, KQV haikurudi kwenye santuri. Iliendelea kwa nguvu ya waandishi wake yenyewe, watu waliozijua barabara na mahakama za Pittsburgh.

Mwaka 1987 serikali ilifuta kanuni iliyozitaka stesheni zizipe nafasi pande zote za hoja. Mwaka uliofuata kipindi cha maongezi ya siasa cha Rush Limbaugh kikaanza kurushwa nchi nzima. Msemaji mmoja akitosheleza mamia ya miji, nani tena atamlipa mwandishi wa kukaa kwenye kikao cha halmashauri hadi saa nne usiku? Kwangu mimi, jeraha hili ni kubwa kuliko lile la FM.

KQV ilivumilia miaka mingine thelathini. Gharama zilipoielemea, ilinyamaza tarehe 31 Desemba 2017. Chimbuko lake lilikuwa mtambo wa ridhaa wa mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya kile kibanda.