Safari ndefu za baiskeli kusini mwa Afrika hazikuanza na watalii

Tangu 2003, msafara wa waendesha baiskeli wa Cairo hadi Cape Town umekuwa ukikatiza Tanzania na kuingia Malawi, kisha Zambia, Botswana na Namibia, safari ya takribani kilomita 12,000. Unapopita, wageni hao husifiwa kwa ushujaa wao, na sifa hizo wanazistahili. Kosa ni kuihesabu historia ya safari za namna hii kuanzia kwao. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, 1899 hadi 1902, Danie Theron, wa upande wa Makaburu, alikuwa na kikosi cha matarishi wa baiskeli. Baadaye vibarua wa Nyasaland, Malawi ya leo, walikwenda Rhodesia na Afrika Kusini kutafuta mshahara, na baiskeli ikawa miongoni mwa mali za fahari walizorudi nazo kijijini.

Anayeonesha vizuri zaidi kwamba safari ndefu za baiskeli ziliwatangulia watalii ni Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyeanzia Tripoli mwishoni mwa 1931 na kufika Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara, mwaka 1934. Hapo angeweza kutafuta meli ya kumrudisha kwao. Badala yake aligeuza, akaanza kupanda kaskazini kwa njia nyingine. Katika nchi ambayo leo ni Namibia baiskeli ilimwishia. Akaendelea kwa farasi hadi Angola, akashika mito kwa mtumbwi, akavuka Sahara kwa ngamia, akaingia Algiers Novemba 1936 baada ya karibu kilomita 40,000. Alifariki mwaka uliofuata, mwili ukiwa umedhoofishwa na malaria.

Safari hizo zinaendelea hadi leo, na atatokea wa kusema kwamba mbeba mkaa wa Malawi anayepeleka magunia Blantyre kwa baiskeli hawezi kuwekwa kundi moja na Nowak, kwa kuwa yeye anasaka riziki tu. Lakini Nowak naye aliondoka kwao kwa sababu mdororo wa uchumi ulikuwa umembana, na picha na makala alizotuma magazetini ndizo zilizomlisha mkewe na watoto wake wawili huko Poznań. Kama kusaka riziki kunamvua mtu jina la msafiri, basi Nowak naye avuliwe. Mtazame huyo mbeba mkaa: magunia yamefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, mlima ukianza anashuka na kusukuma, na kwenye mteremko anapambana na breki ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo ule. Ni kweli hafiki Cape Town. Hata hivyo, fundi wa chini ya mwembe mwenye pampu, viraka na spoki, ambaye mtalii humshukuru tairi inapopasuka, anaishi kwa kazi za wanakijiji kama huyu. Bila wao asingekuwapo pale barabarani.

Leo, kwenye sehemu nyingi za barabara kuu ya M1 ya Malawi, ukingo wa lami ni mwembamba na lori likija mwenye baiskeli hana budi kushukia vumbini. Hii ni dharau kwa watu walioifanya baiskeli kuwa chombo cha safari katika nchi hizi. Serikali zinapopanua barabara, ziwatengee njia yao, na ziwaulize wao kwanza ipite wapi.