Kuuliza Kabla ya Kupiga Picha: Historia ya Utafiti wa Hadhira hadi Video ya Muziki ya Mwanafunzi wa Uingereza

Katika shule za sekondari na vyuo vya kati vya Uingereza, mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayesoma somo la Taaluma ya Vyombo vya Habari amekuwa kwa miaka mingi akipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki, na kabla hajashika kamera alitarajiwa kuchunguza kwanza ni nani watakaoitazama, wanapenda nini na wanaichagua kwa sababu gani. Uchunguzi huo huitwa utafiti wa hadhira, yaani ukusanyaji wa taarifa kuhusu wasikilizaji, watazamaji au wasomaji wa kazi fulani kwa njia ya hojaji, usaili na mijadala ya vikundi. Desturi hii ilikomaa katika vituo vya redio, katika biashara ya matangazo na katika vyuo vikuu kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kuingia darasani, na kila mahali ilipopita iliacha mbinu zake pamoja na kasoro zake. Anayeifuatilia historia hiyo ataona jambo moja likijirudia, kwamba utafiti wa hadhira ulizaa matunda pale tu muulizaji alipokuwa tayari kubadili kazi yake baada ya kusikia majibu.

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kama kampuni mwaka 1922 na kuwa shirika la umma mwaka 1927, na kwa miaka yake ya mwanzo halikuwa na njia ya kudumu ya kujua wasikilizaji wake walikuwa akina nani. Mkurugenzi wake mkuu wa kwanza, John Reith, aliamini kwamba wajibu wa redio ni kuinua ladha ya umma, na kwamba shirika lililokimbilia matakwa ya wengi lingeishia kushusha kiwango cha vipindi vyake. Barua za wasikilizaji zilifika kwa wingi, lakini wanaoandika barua si wakilishi wa wasioandika, na watengenezaji wa vipindi walibaki wakibahatisha. Mwaka 1936 shirika lilimwajiri Robert Silvey, aliyetoka katika kampuni ya matangazo ya biashara, aanzishe kitengo cha utafiti wa wasikilizaji. Silvey alianza na makundi ya wasikilizaji waliojitolea kujaza hojaji kuhusu michezo ya kuigiza na vipindi vya burudani, kisha mwishoni mwa mwaka 1939, vita vikiwa vimekwisha kuanza, ukaanzishwa uchunguzi wa kila siku ambapo wasaili waliwauliza watu wa sampuli, yaani kundi dogo lililoteuliwa kuwakilisha umma mzima, ni vipindi gani walivyovisikiliza jana yake.

Silvey alitambua mapema kwamba kuhesabu wasikilizaji hakutoshi, kwa kuwa kipindi chenye wasikilizaji wachache kinaweza kupendwa sana na hao wachache, ilhali kipindi cha wengi kinaweza kusikilizwa kwa mazoea tu. Kwa sababu hiyo, pamoja na hesabu ya wasikilizaji, kitengo chake kilitengeneza kipimo cha kuridhika kilichoonyesha jinsi waliosikiliza walivyokithamini kipindi walichokisikia. Tofauti hiyo kati ya ukubwa wa hadhira na kina cha mapenzi yake ndiyo msingi ambao watafiti wa baadaye walijenga juu yake, na ndiyo pia iliyosahauliwa kwanza kila mara utafiti ulipofanywa kwa haraka.

Wakati huohuo nchini Marekani, Mfuko wa Rockefeller uligharimia mradi mkubwa wa utafiti wa redio ulioanza mwaka 1937 chini ya Paul Lazarsfeld, mwanasayansi ya jamii aliyehama kutoka Vienna. Yeye na Frank Stanton, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya redio ya CBS, walibuni mashine ya kupima mwitikio wa msikilizaji sekunde kwa sekunde. Wasikilizaji waliketi chumbani wakisikiliza kipindi kilichorekodiwa, kila mmoja akiwa ameshika vitufe viwili; walipopendezwa walibonyeza cha kijani, walipochukizwa walibonyeza chekundu, na wasipobonyeza chochote walihesabiwa kuwa hawana maoni, huku kalamu zikichora mistari ya majibu yao juu ya karatasi iliyokuwa ikisogea. Kipindi kilipokwisha, karatasi ile ilionyesha mahali hasa ambapo chumba kizima kilichangamka au kilichoka.

Utafiti wa muziki katika mradi huo alikabidhiwa Theodor Adorno, mwanafalsafa na mwanamuziki wa Kijerumani aliyewasili New York mwaka 1938, naye akaipinga mbinu hiyo waziwazi. Kwa hoja yake, kupenda na kutopenda muziki ni matokeo ya mazoea yaliyojengwa na biashara yenyewe, kwa hiyo anayepima mapenzi hayo bila kuchunguza yalikotoka anapima kazi ya matangazo badala ya kupima nafsi ya msikilizaji. Ushirikiano wake na Lazarsfeld haukudumu, lakini swali lake lina uzito hadi leo kwa yeyote anayewauliza vijana wanataka kuona nini katika video ya muziki, kwa maana jibu la kwanza la wengi huwa ni kile walichokwisha kukiona.

Jibu la tatizo hilo lilianza kupatikana katika mradi huohuo. Herta Herzog, mtafiti aliyewahoji kwa kina wanawake wa eneo la New York waliofuatilia tamthilia za redio za mchana, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwamba walizisikiliza kwa sababu tofauti kabisa: wengine walitaka kulia, wengine waliota maisha bora, na wengine walijifunza humo namna ya kukabili matatizo ya nyumbani. Mnamo Novemba 1941 Lazarsfeld alimwalika mwenzake Robert Merton aone jaribio la kile kipimo cha vitufe, na Merton akaona kwamba msaili aliyezungumza na wasikilizaji baada ya kipindi alikuwa akiwatilia maneno mdomoni badala ya kuwaacha waeleze walichokisikia. Kutokana na ukosoaji huo Merton, akisaidiana na Patricia Kendall, aliandika mwaka 1946 kuhusu usaili uliolenga jambo mahususi, ambao msaili huanza na kitu ambacho washiriki wote wamekwisha kukiona au kukisikia, kisha huuliza maswali ya wazi na kufuatilia majibu. Mjadala wa kikundi lengwa unaotumiwa leo na makampuni, vyama vya siasa na wanafunzi ni mtoto wa mbinu hiyo.

Nchini Uingereza fikra hizi zilipata sura mpya katika miaka ya 1970. Jay Blumler, Denis McQuail na wenzao walieleza kwamba watu hutumia vyombo vya habari kukidhi mahitaji yao, na wakayapanga mahitaji hayo katika mafungu manne: kuburudika na kuepuka mashaka, kujenga mahusiano na wengine, kujitambua, na kupata habari za ulimwengu. Naye Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyeongoza Kituo cha Taaluma za Utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham, alidai mwaka 1973 kwamba mtengenezaji huweka maana ndani ya kazi yake, lakini mtazamaji anaweza kuipokea maana hiyo, kuikubali kwa sehemu, au kuikataa. David Morley alilipima dai hilo kwa kuvionyesha vikundi 29 vya watu wa kazi na hali mbalimbali kipindi cha jioni cha BBC kilichoitwa Nationwide, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 ilidhihirika kwamba baadhi ya vikundi, hasa vya wanafunzi weusi wa vyuo vya kati, havikukipinga kipindi wala kukikubali, bali viliona hakiwahusu hata kidogo. Ugunduzi huo ulikuwa na somo zito, kwamba asiyekubali wala kupinga naye anasema jambo, na mtafiti makini hana budi kulisikia.

Biashara ya muziki ilifuata njia yake yenyewe. Filamu fupi za kutangaza nyimbo zilikuwapo tangu miaka ya 1960, na video ya wimbo wa bendi ya Queen, Bohemian Rhapsody, ya mwaka 1975 ilizishawishi kampuni nyingi za rekodi kwamba picha zinaweza kuuza santuri. Kituo cha televisheni cha MTV kilipoanza kurusha matangazo nchini Marekani tarehe 1 Agosti 1981, kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya watazamaji wa umri wa miaka 12 hadi 34, kwa kuwa watangazaji wa biashara waliwatafuta vijana hao na televisheni ya kawaida haikuwafikia vya kutosha. Utafiti wa aina hii huwagawa watu kwa umri, jinsia, makazi na kazi, na nchini Uingereza ulitegemea sana madaraja ya herufi A, B, C1, C2, D na E yaliyoenezwa na uchunguzi wa kitaifa wa wasomaji wa magazeti ulioanza mwaka 1956, ambayo humpanga mtu kwa kazi ya mwenye kipato kikubwa katika nyumba yake. Madaraja hayo yalimsaidia mwenye gazeti kuuza nafasi za matangazo, lakini hayakuundwa kumweleza msanii kwa nini wimbo unamgusa mtu.

Shule za Uingereza zilichelewa kuyapokea haya, kwa sababu walimu wa kizazi cha F. R. Leavis na Denys Thompson, ambao kitabu chao cha mwaka 1933 kilikuwa na athari kubwa, walifundisha kuhusu matangazo na magazeti ya umma ili kuwakinga wanafunzi dhidi yake. Mwelekeo ulibadilika polepole baada ya Hall na Paddy Whannel kutoa kitabu chao kuhusu sanaa za umma mwaka 1964, na Len Masterman alipochapisha kazi yake kuhusu ufundishaji wa vyombo vya habari mwaka 1985, hadhira ilikuwa tayari miongoni mwa dhana kuu za somo. Kamera za video zilipokuwa za bei nafuu, mwanafunzi aliacha kuwa mchambuzi tu akawa mtengenezaji, na video ya muziki ikapendwa kwa sababu ni fupi, haidai kurekodi mazungumzo, na inamruhusu kijana kufanya kazi na sanaa anayoijua. Kitabu cha Andrew Goodwin cha mwaka 1992, kilichoeleza jinsi picha zinavyoweza kuonyesha, kukuza au kwenda kinyume na maneno ya wimbo, kikawa mwongozo wa madarasa mengi.

Kilele cha desturi hii kilikuja na mtaala wa bodi ya mitihani ya OCR ulioanza kufundishwa mwaka 2008. Katika sehemu yake ya mwaka wa pili, mwanafunzi aliweza kuchagua kutengeneza video ya kutangaza albamu pamoja na kazi mbili ndogo, kama vile jalada la albamu na tangazo la gazetini, na kati ya alama 100 za kazi hiyo, 20 zilitolewa kwa utafiti na mipango, 60 kwa utengenezaji na 20 kwa tathmini, ambayo moja ya maswali yake manne lilimtaka mwanafunzi aeleze alichojifunza kutokana na maoni ya hadhira. Kumsikiliza mtazamaji kulikuwa na bei yake katika cheti cha kumaliza shule.

Hata hivyo, kitu kinachopewa alama huanza kutengenezwa kwa ajili ya alama. Hojaji ya kawaida ya darasani ilikuwa na maswali kama kumi ya kuchagua jibu, yakianza na umri na jinsia, yakifuatiwa na aina ya muziki unaopendwa na kama video iwe na hadithi au msanii akiimba, kisha ikajazwa na marafiki wa darasa moja na majibu yakachorwa katika duara lililokatwa vipande vya rangi. Aliyeuliza alikuwa na umri wa miaka 17, waliojibu walikuwa na miaka 17, na mara nyingi wimbo ulikuwa umekwisha kuchaguliwa, hivyo utafiti ulithibitisha uamuzi badala ya kuuongoza. Hadhira ilipunguzwa kuwa asilimia za watu kumi na watano, kosa ambalo Silvey alikuwa amelikwepa kwa sampuli zake na Merton kwa maswali yake ya wazi. Pale wanafunzi walipoonyesha rasimu ya kwanza kwa kikundi kidogo, wakanyamaza na kuandika dakika ambayo watazamaji walianza kuangalia pembeni, walipata walichokipata Lazarsfeld na Stanton kwa mashine yao, tena bila gharama.

Mitaala mipya iliyoanza kufundishwa Septemba 2017 ilibadili mpangilio huo. Bodi za mitihani sasa hutoa maelekezo ambayo tayari yanataja hadhira lengwa, mwanafunzi huandika tamko fupi la nia yake, na alama nyingi hutolewa kwa kazi iliyokamilika. Mabadiliko haya yaliondoa utafiti wa kujaza karatasi, na hilo lilikuwa jema. Lakini yaliondoa pia sababu rasmi ya kijana kutoka nje ya kundi la rafiki zake na kumuuliza mtu asiyefanana naye, na hiyo ni hasara.

Walimu na vijana wa Afrika Mashariki, ambako katika baadhi ya nchi kidato cha tano na cha sita ni urithi wa mfumo huohuo na ambako simu ya mkononi imekuwa kamera ya wengi, hawana haja ya kurithi hojaji ile pamoja na makosa yake. Wachukue yaliyo bora katika historia hii: waulize kabla ya kuamua, waulize watu wachache kwa kina, wawatafute wasiofanana nao, wawaonyeshe kazi ikiwa bado mbichi, na wakubali kuirekebisha. Utafiti ambao haukubadili hata picha moja katika video haukuwa utafiti.