Viwanja vya watoto visichorwe bila watoto

KITANDA usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inawafaa sana wapangaji wa miji, ambao kwa miaka mingi wamechora bustani, viwanja vya michezo na maeneo ya wazi kwa ajili ya watoto bila kuwauliza watoto wenyewe.

Matokeo yake yanafahamika. Bembea hufungwa mahali pasipo kivuli. Kiwanja cha mpira huchukua eneo lote na wasichana wanaotaka kucheza rede husukumwa pembeni. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hukomea langoni kwa sababu ya ngazi tatu ambazo mchoraji hakuziona kuwa kikwazo.

Vijana wa miaka 15, ambao wamekwishapita umri wa bembea lakini hawana fedha za kukaa mgahawani, hufukuzwa kama wazururaji.

Ni katika kutafuta dawa ya kasoro hizo ndipo ulipoanza utaratibu wa kuwashirikisha watoto na vijana katika ubunifu wa maeneo ya umma. Utaratibu huo una msingi wa kisheria, una historia ndefu, na umekwishajaribiwa hapa Afrika Mashariki.

Sheria inasemaje

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa Novemba 20, 1989. Kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 12 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na kutaka maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake.

Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake.

Aidha, Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi zihakikishe kuwa watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo sawa na watoto wengine.

Vifungu hivyo vikisomwa kwa pamoja, kuwauliza watoto kabla ya kuchora kiwanja chao si hisani ya ofisa mwenye moyo mwema. Ni wajibu.

Wazo lilikoanzia

Mwaka 1943, mjini Copenhagen, Denmark, ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, ulifunguliwa uwanja wa watoto katika eneo la Emdrup ambao haukuwa na bembea za kununua. Msanifu wa mandhari, Carl Theodor Sørensen, alikuwa ameona kwamba watoto walivutiwa zaidi na mbao na mabaki ya ujenzi kuliko viwanja alivyowasanifia.

Hivyo watoto wa Emdrup walipewa vifaa hivyo, wakajenga na kubomoa watakavyo, mtu mzima akiwepo kuwasimamia. Baada ya vita wazo hilo lilienea Uingereza na kwingineko Ulaya.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa mipangomiji wa Marekani, Kevin Lynch, aliongoza utafiti ulioungwa mkono na UNESCO uliowauliza vijana wadogo wa Argentina, Australia, Mexico na Poland namna walivyoyaona maeneo waliyokulia. Utafiti huo ulifufuliwa katika miaka ya 1990 chini ya Louise Chawla, na safari hii Afrika ikaingizwa kupitia Johannesburg.

Huko Johannesburg ndiko lilikopatikana somo chungu. Watoto wa Canaansland, makazi ya maskwota karibu na katikati ya jiji, walichora ramani za mtaa wao, wakaeleza hatari za barabarani na mahitaji yao, kisha wakawasilisha mapendekezo mbele ya Meya. Muda si mrefu baadaye, jamii yao iliondolewa na kuhamishiwa Thula Mntwana, nje ya jiji. Walisikilizwa, lakini eneo walilolizungumzia halikuwa lao tena.

Ngazi yenye vidato vinane

Ni hatari ya namna hiyo ambayo Roger Hart aliielezea katika andiko lake la mwaka 1992 lililotolewa na UNICEF. Hart alipanga ushirikishwaji wa watoto katika ngazi yenye vidato vinane.

Vidato vitatu vya chini havihesabiki kuwa ushirikishwaji. Cha kwanza ni kuwatumia watoto kwa malengo ya wakubwa. Cha pili ni kuwafanya mapambo, kama pale wanapovishwa fulana za shughuli na kuimba mbele ya mgeni rasmi bila kujua kinachoendelea. Cha tatu ni kuwapa kipaza sauti kwa jina tu, ilhali uamuzi umekwishapitishwa.

Vidato vya juu ni vile ambavyo watoto wanafahamu lengo, wanaulizwa mapema, wanajibiwa, na hatimaye wanaanzisha mambo wao wenyewe na kuamua pamoja na watu wazima.

Mfano wa Kibera

Mwaka 2012, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa (UN-Habitat), lenye makao makuu Nairobi, liliingia ubia na kampuni ya Mojang ya Sweden, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ambao mchezaji hujenga majengo na mandhari kwa kupanga vipande mithili ya matofali. Mradi huo uliitwa Block by Block.

Moja ya maeneo ya mwanzo kabisa lilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, katika mtaa wa Kibera. Eneo halisi lilitengenezwa upya ndani ya kompyuta, kisha wakazi, wakiwamo vijana, wakakaa pamoja kuongeza na kuondoa walichotaka.

Faida ya njia hiyo ni kwamba ramani ya kawaida ya mipangomiji humtisha mtu asiyeisomea, lakini mchezo haumtishi kijana. Kijana ambaye asingethubutu kunyoosha mkono mkutanoni huonesha kwa vitendo mahali anapotaka taa, njia au kiti.

Kompyuta, hata hivyo, si sharti. Maboksi, udongo wa mfinyanzi na penseli hufanya kazi hiyo hiyo.

Si watoto wote ni wamoja

Mjini Vienna, Austria, utafiti wa mwaka 1996 na 1997 ulibaini kuwa wasichana walipofikia umri wa takriban miaka 10 walitoweka katika bustani za umma, huku wavulana wakibaki. Hapakuwa na bango lililowazuia. Mpangilio wenyewe, wenye uwanja mmoja mkubwa wa mpira, uliwapa nafasi wenye nguvu.

Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya Margareten zilianza kupangwa upya. Njia ziliongezwa, eneo likagawanywa katika sehemu ndogo na viwanja vya michezo mingine kama voliboli vikawekwa. Wasichana walirudi.

Kwa sababu hiyo, kikao kimoja cha “watoto” hakitoshi. Wasichana wapewe nafasi ya kuzungumza peke yao, vijana wa sekondari watengwe na wa chekechea, na watoto wenye ulemavu wawemo tangu siku ya kwanza.

Mambo ya kuzingatia

Hatua ya kwanza ni kutembea. Watoto huwaongoza maofisa mipangomiji katika njia wanazopita kila siku, na kuwaonesha wanapocheza kombolela, wanapoogopa bodaboda na wanapokatazwa kukaa.

Hatua ya pili ni ukweli kuhusu fedha. Mtoto akielezwa kuwa bajeti inatosha vitu vitatu tu, hupanga vipaumbele kama mtu mzima. Asipoelezwa, ataomba bwawa la kuogelea, kisha atalaumiwa kwa kuota.

Hatua ya tatu, ambayo husahauliwa mara nyingi, ni kurudisha majibu. Watoto waoneshwe mchoro wa mwisho na waelezwe lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini.

Hatua ya nne ni kulilinda eneo kisheria. Maeneo mengi ya wazi mijini yamegeuzwa maegesho, baa na vibanda, na somo la Canaansland linaonesha kuwa maoni ya watoto hayana thamani iwapo ardhi yenyewe inaweza kuondoka. Kabla ya halmashauri kuwapa watoto penseli, ihakikishe kwanza kuwa kiwanja kimepimwa, kimesajiliwa na hakiwezi kuuzwa.